Kitambaa cha "Karipu"

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya mvua ya mawe. Ilianguka mchana, kama ilivyo kawaida ya huku kwetu, lakini mawe ya siku hiyo yalikuwa makubwa, na majani ya chai yakachanika kama yaliyotafunwa na mbuzi. Wachumaji wakakimbia kila mtu upande wake. Mama Apiyo, ambaye mume wake alikuwa wa kiwandani, alikuwa anapita na mzigo wa kuni. Akautupa mzigo uwanjani, akaingia nyumbani kwetu bila hata hodi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya nyanya yangu, aliyenilea. Sisi Wakipsigis nyanya tunamwita kogo. Kogo alikuwa amekaa karibu na moto, kwa sababu siku hizo macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu na alipenda kukaa mahali penye mwanga. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, wa kutosha kuolewa, na Kiswahili changu kilikuwa cha kanisani.

Mama Apiyo alikuwa mtu wa ziwani, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Tulikuwa pamoja kwenye darasa la kushona la kanisa. Huko mwalimu alitufundisha kudarizi kwa misalaba: unahesabu matundu ya kitambaa, unapitisha uzi huku, unaukatiza kule, msalaba mmoja umekaa. Misalaba mingi inakuwa ua. Ni kazi ndogo, lakini haina njia ya mkato. Huwezi kuidanganya.

Basi Mama Apiyo alikuwa amelowa, na Kogo akamwonyesha kwa mkono kikapu changu, akimaanisha achukue kitambaa ajifute. Kogo alijua Kiswahili cha kununulia chumvi tu. Mama Apiyo akaingiza mkono ndani ya kikapu, akaruka.

"Uwi! Hii kikapu inauma!"

Ilikuwa sindano. Niliiacha ndani ya kitambaa nilipokichoka. Akavuta kitambaa hicho, kikafuata kingine, na kingine, kila kimoja na sindano yake iliyoanza kushika kutu. Akavitandaza kwenye kitanda cha udongo kama mtu wa sokoni.

"Cherono," akaniita, "hii kuku, kichwa yake iko wapi?"

"Bado, mama."

"Na hii kikombe haina mkono. Mtu atakunywa chai namna gani? Na hii ua... hii ni ua ama ni kidonda?"

Nilicheka, kwa sababu ukichekwa na Mama Apiyo ilikuwa lazima ucheke naye. Lakini Kogo aliuliza tunacheka nini, na mimi nikamfasiria. Hakucheka. Aliokota kitambaa kimoja, akakileta karibu kabisa na uso, akakigeuza, akakiweka. Akaokota kingine. Kisha akaniambia kwa lugha yetu, polepole, kama mtu anayeomba maji:

"Mtoto wangu, mimi nimeona vikianza vyote. Ningependa kuona kimoja kikiisha, kabla macho haya hayajafunga mlango."

Mama Apiyo akataka kujua mzee amesema nini. Kufasiri maneno yale, mwanangu, kulinishinda mara ya kwanza. Ilibidi nianze tena.

Sasa nisijipige zaidi ya haki. Vingine vilikwama kwa sababu uzi wa rangi uliisha dukani, na siku zile uzi ukiisha ulisubiri mpaka duka lilete mwingine. Hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba nilipenda mwanzo. Kitambaa kipya kina harufu yake, na ua la kwanza linaota haraka. Halafu unafika pale katikati, misalaba ya rangi moja mstari kwa mstari, na moyo unaanza kutazama pembeni. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilishika nyingi. Sijui kama huo ni uvivu au ni tamaa. Mpaka leo sijaamua.

Siku hiyo nilisimama nikasema kwa kiburi cha machozi, "Nitavimaliza vyote! Kabla ya Krismasi!"

Mama Apiyo akanitazama. "Vyote?"

"Vyote."

"Haya. Na mlima ule wa chai, utachuma peke yako pia?" Akakaa chini, akavuta vitambaa vyangu mapajani mwake. "Sikiza, nyar gi wadu, binti yetu. Mchumaji hapewi mlima. Anapewa mistari yake. Akimaliza mistari yake, mlima utajimaliza. Mwambie nyanya achague moja. Hizi zingine nitaenda nazo kwangu, na hutaziona."

"Hata kuku?"

"Hata kuku. Itangoja kichwa yake kwangu."

Kogo akachagua. Hakuchagua kwa uzuri wa picha, alichagua kwa kuona: kitambaa kilichokuwa na uzi mwekundu, kwa sababu nyekundu ndiyo rangi iliyokuwa bado inamfikia vizuri. Kilikuwa kitambaa cha kuning'iniza mlangoni, chenye maua pembeni na neno kubwa katikati. Ua moja lilikuwa tayari, na herufi ya kwanza.

Halafu Mama Apiyo akafanya jambo ambalo sikulifundishwa darasani. Akachukua uzi mweupe wa kawaida, akaupitisha kwa mshono mrefu, wa kuvutwa baadaye, akakigawa kitambaa kuwa viwanja, kama shamba lililopimwa. Akaweka kidole kwenye kiwanja cha kwanza.

"Leo, kutoka huu uzi mpaka huu uzi. Ukifika, unaacha. Unasikia? Unaacha."

"Na kama bado nina nguvu?"

"Unaacha na nguvu yako. Ile ya leo ukiila yote, kesho utaamka na njaa."

Hilo lilinishangaza kuliko yote. Wote walionijua walikuwa wakiniambia niongeze bidii. Huyu aliniambia nisizidishe.

Mvua ikakatika, akabeba kuni zake na kuku wangu asiye na kichwa, akaenda.

Kesho yake nilianza. Kiwanja kilikuwa kidogo mpaka nikaona aibu. Nilimaliza kabla ndama hawajarudi kutoka malishoni, mikono ikawa inawasha kuendelea, nikaacha. Siku iliyofuata tena. Kogo alikaa mlangoni kando yangu, na kila alasiri swali lake lilikuwa lile lile: "Umefika kwenye uzi?" Nikisema nimefika, alisema "Ee," kwa raha. Kuna siku sikufika, mgonjwa mmoja wa jirani alihitaji kusaidiwa. Kogo akasema "Ee" hiyo hiyo. Nilitegemea anigombeze. Alisema tu, "Uzi hautembei. Utaukuta hapo."

Wazee wa pwani wana neno lao, bandu bandu huisha gogo, na sisi tulioishi juu ya ardhi iliyofyekwa msitu tuliliona kwa macho. Lakini nitasema ukweli: katikati kulikuwa kugumu vile vile. Viwanja havikuondoa uchovu. Viliufanya uchovu uwe na mwisho wa kuonekana, basi. Na macho ya Kogo yalikuwa yanashindana nami. Asubuhi moja alinyoosha mkono kupokea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, mkono ukapita kando. Siku hiyo niliogopa, nikataka kushona viwanja viwili, vitatu. Nikakumbuka agizo, nikaacha kwenye uzi. Sijawahi kuacha kwa shida namna hiyo.

Nilimaliza msalaba wa mwisho mchana wa jua, uzi mwekundu ukiwa umebaki kipande kisichofika kidole. Nikavuta nyuzi nyeupe zote, nikampa. Kogo akasimama mlangoni, akakiinua kwenye mwanga, karibu na uso, akakisogeza kulia, akakisogeza kushoto, kama mtu anayesalimiana na kila ua.

"Kimeisha," akasema.

"Kimeisha, Kogo."

Wakati huo huo Mama Apiyo akafika, safari hii na hodi. Akasimama mbele ya kitambaa, akaanza kusoma kwa sauti, herufi moja moja, kama alivyosoma kanisani.

"K, A, ka. R, I, ri. P, U..." Akarudia. "Karipu? Cherono! Mgeni anakaribishwa ama anakaripiwa?"

Mwanangu, wewe unajua jinsi sisi tunavyosema. B na P midomoni mwetu ni mapacha, hata mama yao anawachanganya. Mimi niliandika jinsi nilivyosikia moyoni mwangu, na moyoni mwangu ilikuwa KARIPU, na hakuna siku neno hilo lilinishtua. Mama Apiyo alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Usilie. Hata mimi nasema 'samba' na watu wanajua naenda kulima. Nani atamcheka mwenzake?"

Lakini mimi nilishachukua mkasi. Nilitaka kufumua kila kitu. Kusema kweli nilitaka zaidi ya hapo: nilitaka kile kitambaa kisiwepo, na nianze kingine, kizuri, kisicho na kosa. Ugonjwa wangu wa zamani ulikuja ukiwa umevaa nguo za bidii.

"Nipe kuku," nikamwambia Mama Apiyo. "Nitaanza hiyo."

"Lete huo mkasi," akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo tena. "Mtoto akizaliwa na kovu unamrudisha? P inataka tumbo ya chini tu, inakuwa B. Kazi ya siku moja."

"Uzi mwekundu umeisha. Dukani hakuna."

Kogo alikuwa anageuza uso kwetu, kwangu na kwake, akitafuta kuelewa. Nikamweleza yote. Kwamba neno lilipaswa kumwambia mgeni aingie, na sasa linamwambia kwamba atagombezwa. Kwamba linaweza kutengenezwa, uzi ukija. Kogo akafikiri. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka kicheko cha mwanamke kijana.

"Na si ndiyo nyumba yangu? Anayeingia kwangu bila kubisha anagombezwa kwanza, halafu anapewa mursik."

Nikamfasiria Mama Apiyo, naye akapiga makofi, maana yeye ndiye aliyewahi kuingia bila kubisha.

"Uzi ukija nitatengeneza, Kogo," nikasema.

Akakikunja kitambaa kifuani. "Usikiguse. Hiki nimekiona kikiisha. Hicho kingine sijui kama nitakiona."

Kikatundikwa mlangoni hivyo hivyo. Kabla ya mvua nyingine kubwa ukungu ulimfunga kabisa, na kuanzia hapo alikuwa akipitisha vidole juu ya ile P na kuwaambia wageni kwa lugha yetu, ingieni mkagombezwe. Uzi mwekundu ulikuja dukani baadaye. Nilinunua, lakini tumbo la B sikuliongeza. Mwalimu wetu alisema afadhali niliongeze, kwa ajili ya watoto wanaojifunza kusoma, na huenda alikuwa na haki. Mimi nilimrudisha kuku kutoka kwa Mama Apiyo, nikatumia uzi ule kumpa kichwa.

Kwa hiyo, mwanangu, ninayokuambia ni haya, na ukiona yana kasoro uyapokee nayo. Ukiwa na kazi nyingi ulizoziacha njiani, usiape kwamba utazimaliza zote. Chagua moja, na kama una mtu anayekupenda, mwache yeye akuchagulie, maana wewe utachagua ile mpya. Nyingine ziweke mbali na macho yako. Hiyo moja uikate vipande vidogo mpaka uone aibu, na kila siku ufike kwenye uzi, kisha uache ungali na hamu. Siku usipofika, usihame. Na ikiisha ikiwa na kosa, usiifiche ukakimbilia kuanza upya. Mwonyeshe yule uliyekuwa unamfanyia, leo, wakati bado yupo mlangoni. Kosa litangoja uzi. Yeye huenda asingoje.

Mungu akupe subira ya mikono. Akupe mtu wa kukuuliza kila alasiri kama umefika, na akujalie kumjibu kwamba umefika, akiwa bado anasikia.