Mwenzangu wa Masasi

Mwaka 2005, mwezi wa Septemba, korosho za kwanza zikiwa zimeanza kudondoka, nami nikiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mjane ninayejiheshimu, niliimbwa ngomani hapa kijijini kwetu Newala kwa jambo ambalo sikulifanya. Aibu ile siikatai. Ninachokataa ni kusimuliwa na watu ambao hawakuwapo, kwa hiyo chekeni, lakini nisikilizeni mimi mwenyewe.

Nyumba aliyoniachia marehemu Baba Agneta ipo ukingoni kabisa, pale ambapo ardhi inakatika na kuteremka, na siku isiyo na ukungu unaiona milima ya mawe ya Masasi kule mbali chini. Jirani yangu ni kituo cha walimu, ambacho kilikuwa kimepata kompyuta lakini hakina mtandao. Jumanne, tarehe 6, akaja fundi Saidi kutoka Mtwara, akaniamkia (shikamoo kamili, si ile ya kumtupia mtu kwa mbali), akaomba aweke dishi juu ya paa langu, kwa sababu kituo kimefichwa na miti, na dishi la hapa ni lazima lionane na mwenzake wa Masasi. Waya ungeshuka ukutani, upite dirisha la chumba changu cha kulala, ambamo hamna vumbi, uingie katika kisanduku chake, kisha ufukiwe ardhini hadi kituoni. Nikakubali. Mimi niliyejifunza kusoma nikiwa mama wa watoto watatu, ningeizuiaje elimu isipite kwangu?

Ila tawi moja la mkorosho lilikuwa likiziba njia, na mkorosho huo aliupanda marehemu. Nikalikata mwenyewe kwa panga, pamoja na korosho zake.

Mama Hadija, jirani yangu wa siku zote, akaja mbio.

“Mama Agneta! Unakata mkorosho unaozaa? Una akili timamu?”

Fundi alikuwa juu ya paa. Ningeweza kumwita aeleze. Lakini maneno ya kitaalamu yalikuwa yamenikaa mdomoni kama asali, nikaamua kueleza mwenyewe.

“Tawi hili lilikuwa linatuzuia kuonana na mwenzangu wa Masasi.”

“Mwenzako?”

“Sasa hakuna kizuizi. Tutaonana mchana na usiku.”

“Ee Mungu wangu! Na anaingilia wapi?”

“Dirishani, chumbani. Mlangoni kuna vumbi.”

Akajiziba mdomo kwa upande wa kanga, akaondoka bila kuaga. Nikadhani amestaajabia sayansi.

Jumamosi, tarehe 17, wasichana walikuwa wanatolewa unyagoni, nami nikaenda nimevaa doti mpya ya kanga. Kundi la wanawake likaja moja kwa moja mbele yangu, likiimba: “Mlangoni kuna vumbi, pita dirishani, Masasi si mbali!” Na hapa ndipo hadi leo napata joto la uso: nilidhani wanausifu mtandao wetu. Nikaingia katikati, nikacheza (ndiyo, nilicheza, tena kwa maringo), nikawatunza, nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wao, nao wakaanguka chini kwa vicheko.

Shemeji yangu, Baba Damiani, mdogo wa marehemu, akasimama mbele ya watu wote.

“Shemeji, mkorosho wa kaka yangu umeukata ili uonane na bwana, na sasa unamchezea ngoma! Basi mfuate hukohuko. Nyumba ya kaka yangu utaiacha.”

Nyumba! Nyumba ambayo matofali yake niliyabeba kichwani nikiwa na mimba ya Agneta, wakati yeye Baba Damiani akila ugali wangu kivulini! Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikataka baraza, tena likae uani kwangu, chini ya dishi lenyewe.

Siku ya baraza Baba Damiani aliirudia hotuba yake yote. Nikamsogezea ngazi.

“Panda, shemeji. Mtafute huyo bwana, umshushe.”

Akapanda kwa hasira. Alipofika juu akatazama chini, upande ule ardhi inakoteremka, akalikumbatia dishi kwa mikono miwili. Mara mwalimu mmoja akapaza sauti kutoka kituoni: “Mama Agneta! Masasi imepotea!”

“Haijapotea,” nikamjibu. “Imekumbatiwa na shemeji yangu.”

Mama Hadija ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini, yeye aliyeyabeba maneno yangu nyumba kwa nyumba, na mpaka leo hajaniomba radhi. Anasema aliyasikia kwa masikio yake, na kwamba mimi ndiye niliyeyasema. Na si uongo, ndiyo maana ninakasirika zaidi.

Tangu wakati huo chuma nakiita chuma na waya nauita waya, na neno “mwenzangu” nimelirudisha kwa binadamu. Sitaazima tena maneno ya fundi kabla fundi hajashuka kwenye paa.

Na siku hiyo ya baraza, Jumamosi tarehe 24 Septemba 2005, Baba Damiani akiwa bado juu hathubutu kushuka, mwenyekiti alisimama, akavua kofia, akatamka mbele ya kijiji kizima kwamba baraza limeridhika: anayeonana na Masasi ni dishi, na nyumba ni ya Mama Agneta.