Vidonge vya Ujirani

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja hapa Iringa. Mbele yangu mama mmoja wa Kihesa alikuwa akimwonyesha daktari kidonda cha mguuni kilichokataa kupona.

"Mama, vile vidonge vya penisilini ulimaliza?"

"Viliisha, baba. Jirani alikuwa na jipu, nikamgawia. Wifi naye anakohoa. Nitamezaje peke yangu watu wananitazama?"

Daktari akashika kichwa. "Ndiyo maana! Dozi nusu haiui wadudu wote. Wanaobaki ni wale wenye kimeng'enya, kitu kama mkasi, cha kuikatakata dawa. Tena siri ya kutengeneza mkasi huo wanazaliwa nayo, na wanaigawa hata kwa wadudu majirani."

Mama akaacha kupunga nzi kidondani. "Wanagawiana bure?"

"Bure kabisa."

"Hakuna mchoyo hata mmoja?"

"Hakuna."

"Kumbe wana utu!"

Sisi tunahimizwa ujamaa kila mkutano na bado tunafichana sukari. Wadudu, bila mkutano wala mwenyekiti, wameshafika.

Daktari akampa vidonge vingine, vikali zaidi, akamwapisha kwamba atavimeza mwenyewe hadi cha mwisho. Mama akaapa, akavifunga kwenye pindo la khanga.

Nilimkuta nje. Vumbi likanikohoza, na papo hapo akalifungua fundo lake.

"Pole, baba. Chukua hata viwili."

Nikapokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.