Kadi za Kaka Evance Ziliniozesha kwa Wanaume Watatu

Jumamosi moja asubuhi nilijikuta nimeshaolewa na wanaume watatu.

Simjui hata mmoja.

Wa kwanza anaitwa Godfrey. Wa pili Stefano. Wa tatu Kibwana, na huyu ndoa yetu ilikuwa ifungwe msikitini, wakati mimi ni Mkatoliki wa Nyandira, tena mwanakwaya.

Habari hizo nilizipata sokoni Mawenzi, Morogoro mjini, nikiwa nimeinama napanga karoti.

"Hongera, bi harusi!" alisema mama muuza nyanya, jirani yangu wa meza.

Nikacheka kidogo, nikaangalia chini. Mimi ni mtu wa kuangalia chini. Mteja akiniuliza bei, mama huyo hunijibia kabla sijafungua mdomo.

"Mbona kimya? Kadi tumeziona. Ila tuambie, tuje kanisani au msikitini? Maana umetuchanganya."

Akanigeuzia simu yake.

Nikajiona. Gauni langu la kwaya la zambarau, nimesimama mbele ya ukuta wa nyumbani, nimetoa macho kama mtu aliyekamatwa anaiba maandazi. Juu yangu kuna maandishi ya dhahabu yanayokaribisha watu kwenye harusi. Pembeni yupo Godfrey mwenyewe, suti ya bluu, anatabasamu. Maskini, hajui amepewa nani.

Mama akasogeza kidole. Stefano na mimi.

Akasogeza tena. Kibwana na mimi.

"Jamani, si mimi."

"Ni pacha wako?"

Soko lote likacheka. Muuza dagaa akadakia, "Mwacheni bi harusi wa wilaya! Wenzake tunatafuta mmoja hatupati."

Nilijua ni kazi ya nani.

Ninaishi Mafiga kwa mama mkubwa. Mwanawe, kaka Evance, alisomea kompyuta chuoni, na sasa ana kibanda chake anatengeneza kadi za mialiko za mtandaoni. Unatumiwa kwenye simu, ukifungua unawaona maharusi, muziki unaimba, na ramani ya ukumbi ipo hapo hapo. Mteja anajaza majina mwenyewe, anapandisha picha, kadi inajitengeneza.

Alipokuwa anaanza aliniambia, "Filo, simama hapo ukutani nijaribu kitu."

Nikasimama. Sikuuliza. Mimi huwa siulizi.

Na ningeweza kucheka na wenzangu pale sokoni, yakaisha. Tatizo ni Amosi.

Amosi ni fundi wa kuchomelea mageti. Ananipenda. Na mimi, haya bwana, na mimi nampenda. Wazazi wake walikuwa waje kesho yake, Jumapili, kutoka Dumila kuleta posa.

Sasa kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mjomba Kasiani alikuwa ameambiwa tu kwamba kuna watu wanakuja. Amosi hajawahi kumwona. Akikubali, nimeolewa. Akikataa, hakuna pa kukata rufaa.

Hapo hapo simu yangu ikalia. Ujumbe wa sauti wa mjomba, kutoka milimani Nyandira.

"Filomena. Nimetumiwa kadi na watu wa jumuiya. Ya kwanza nikasema labda wamefanana. Ya pili nikavaa miwani. Ya tatu nikapanda gari. Niko njiani nashuka. Na hao wa kesho, waambie wasije."

Niliacha karoti mezani nikatoka mbio.

Kaka Evance nilimkuta anakunywa chai na chapati.

"Kaka, nimeolewa."

"Hongera sana."

"Na Kibwana."

Nikamwekea simu mbele ya chapati. Akaangalia, akaguna, akafungua kompyuta yake.

"Mbona kwangu ipo sawa?"

Kweli. Kwenye kompyuta yake Godfrey alikuwa na mke wake, dada mmoja mnene mwenye kicheko kizuri. Stefano na wake. Kibwana na wake.

"Umeona? Simu yako inazingua."

"Na ya mama wa nyanya?"

"Nayo inazingua."

"Na ya mjomba?"

"Kule juu mtandao dhaifu. Picha zinachelewa kufika."

"Kwa hiyo zangu ndizo zinawahi?"

Akatafuna chapati.

"Kaka, mimi shule niliiachia darasa la tano. Nielezee kama unamwelezea mtu."

"Sikia. Kadi zote zinatoka kwenye templeti moja. Ni kama fremu ya picha pale ukutani, fremu ni moja, picha ndiyo inabadilika. Wakati natengeneza niliweka yako, ya mfano tu. Mteja akiweka yake, yako inaondoka."

"Mbona haijaondoka?"

"Kwangu imeondoka."

Wakati huo mjomba yupo barabarani.

Akaanza kugongagonga. "Rifreshi, fungua ukurasa upya." Nikarifreshi. Bado nipo na Kibwana.

"Zima simu, washa." Nikazima, nikawasha. Bado. Ndoa yenyewe ilishaanza kunizoea.

"Subiri, nibadilishe maua ya pembeni yawe mekundu, tuone kama mabadiliko yanafika."

Kwenye kompyuta maua yakawa mekundu kama pilipili. Kwenye simu yangu yakabaki meupe.

"Si nimekwambia?" akasema, kifua mbele. "Simu yako!"

Mlango ukazibwa na mtu. Dada mmoja mrefu, hina mikononi, baibui limekaa kwa hasira.

"Nani mwenye duka hili?"

"Karibu, dada," Evance akajibu.

"Usinikaribishe. Mimi ndiye Sabra, bi harusi wa Kibwana."

Akageuka, akaniona. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Na wewe ndiye mimi."

Nikatamani sakafu ifunguke.

"Mawifi zangu wamempigia Kibwana kumpongeza," akaendelea. "Wanasema safari hii amepata mpole!"

"Samahani, dada."

"Wewe sina ugomvi na wewe. Hata gauni ni zuri. Ugomvi wangu ni na huyu mnywa chai."

Kabla Evance hajajitetea, mjomba Kasiani akaingia. Koti la baridi bado liko mwilini, jasho linamtoka kwa joto la mjini, simu ameinyoosha mbele kama ushahidi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Waume zako hawajambo?"

Sabra akageukia ukutani kucheka.

"Mjomba, ni kosa dogo tu la simu," Evance akasema. "Njoo utazame mwenyewe."

Mjomba akavaa miwani. Akatazama kompyuta, akatazama simu yake, akatazama tena kompyuta.

"Kwa hiyo kompyuta yako inakutetea, na simu yangu inasema ukweli."

"Hapana, mjomba..."

"Nimeshusha heshima yangu mlima mzima, watu wananiuliza mahari nimeila na nani. Mimi kesho simpokei mtu. Anayetaka kuoa hapa akaulize kwanza hao watatu."

Nilitaka kusema. Maneno yakafika mpaka kwenye meno, yakarudi.

"Hebu na mimi nijione," Sabra akavuta kompyuta. "Hii iliyoandikwa Toka ni ya nini?"

"Usigu..."

Ameshagusa.

Ukurasa ukawa mweupe, kisha ukarudi. Na pale, kwenye kompyuta ya kaka Evance mwenyewe, nikatokea mimi, macho yamenitoka, pembeni ya Kibwana mwenye kanzu. Maua meupe.

"Dada, umeiharibu!"

"Nimeharibu nini? Imeandikwa Toka, nimetoka."

Evance akaachama. Halafu akaanza kucheka peke yake, akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Mimi ni mjinga."

"Hilo lilishapita," alisema Sabra. "Sema lingine."

Akatueleza. Kumbe zilikuwa fremu mbili. Moja anaiona yeye akishaingia kwa akaunti yake ya mwenye duka. Nyingine wanaiona wageni wote waliobaki duniani. Kila alipopokea lawama alikuwa anarekebisha ile yake. Ile ya wageni alikosea pale picha ya bi harusi inapotakiwa kukaa, basi picha ya mteja ikifika inakosa kiti, na mimi niliyewekwa kwa mfano naendelea kukalia.

"Hujawahi kuingia kama mgeni?" mjomba akauliza.

"Naanzaje, mjomba? Duka ni langu."

Safari hii alirekebisha fremu inayotakiwa. Tukafungua kwa simu ya mjomba. Godfrey akapata mke wake. Stefano akapata wake. Alipotokea Sabra pembeni ya Kibwana, mwenyewe alijipigia vigelegele pale pale kibandani. Akanishika bega.

"Asante kwa kunishikia nafasi, mdogo wangu."

Akaondoka zake.

Uso wa mjomba ukaanza kulegea. Akavua koti.

"Kwa hiyo huna mume."

"Sina, mjomba."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi hao wa Dumila nita..."

Kidole chake kilikuwa kinateremsha ukurasa wa mbele, pale zinapoonekana kadi zote mpya. Kikasimama.

"Na huyu?"

Kadi ya nne. Bi harusi ni mimi. Bwana harusi hana picha, na pa jina pameandikwa tu: Jina la Bwana Harusi.

"Aa, hayo ni mabaki," Evance akasema. Akagonga. "Rifreshi, mjomba."

Mimi.

Akagonga tena kwa nguvu. Mimi.

Akafungua mafaili, akaitafuta ile picha ya ukutani, akaifuta kabisa. "Filo, sasa picha yako haipo tena duniani. Rifreshi."

Mimi.

Jasho likaanza kumtoka. "Hii inatoka wapi? Templeti nimesafisha, picha nimefuta, na kadi hii sikuitengeneza mimi!"

Nikasogea kuitazama vizuri.

Gauni halikuwa la kwaya. Nilikuwa na khanga, niko bombani naosha karoti, nimeziba mdomo kwa mkono nacheka. Picha ile alinipiga mtu mmoja tu. Nakumbuka hata alichosema mpaka nikacheka, ila hapa sikiandiki.

Kumbe hii haikuwa kosa la templeti. Kadi ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Kuna mtu aliijaza.

Kuandaa kadi ya harusi kabla mjomba hajasikia posa ni kumwambia mjomba si kitu. Nikisema, Amosi amekwisha. Nisiposema, kuna mwanaume wa nne asiye na jina, na mimi ndiye nimekwisha.

"Filomena." Sauti ya mjomba ilikuwa imeshuka, na akishusha sauti ujue kimeumana. "Huyu ni nani?"

Kaka Evance yupo kwenye mafaili yake. Mama wa nyanya yupo sokoni. Hakukuwa na wa kunijibia.

Nikainua uso.

"Ni Amosi, mjomba. Wa kesho."

"Wa kesho ameanza leo?"

"Sijui alichofikiria. Ila picha ni yake. Na mimi namtaka, mjomba. Hata ukikataa, ujue nilisema namtaka."

Evance aliacha kugonga. Nadhani hajawahi kunisikia nikisema maneno mengi kiasi kile kwa pamoja.

"Mpigie," mjomba akasema. "Weka sauti kubwa."

Simu ikapokelewa na kelele za mashine ya kukata vyuma.

"Filo wangu! Sikia, nimepata tai ya kesho, ila ndefu kama ya mbunge..."

"Hapa ni Kasiani."

Mashine ikazimwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kadi yako nimeiona."

"Mjomba, nilikuwa najaribu tu. Nilitaka kuona itakavyokaa. Sikujua ikishahifadhiwa inaonekana na watu."

"Picha ya mpwa wangu umeweka. Mbona jina lako hujaweka?"

"Nilifika hapo nikashindwa. Nikasema nikijiandika kabla mjomba hajaniandika, nitakuwa nimemwiba."

Mjomba akavua miwani. Akaifuta kwa shati, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

"Tai ikunje," akamwambia. "Kesho usichelewe."

Akakata simu.

"Mjomba, niifute hiyo kadi?" Evance akauliza.

"Ukiigusa tutagombana. Hapo pa jina paache hivyo hivyo mpaka kesho. Nitapajaza mwenyewe."

Na alipajaza. Jumapili, sebuleni kwa mama mkubwa, wageni wa Dumila wamekaa, pilau linapoa, mjomba Kasiani ameshika simu anatafuta herufi kwa kidole kimoja. Alipoipata ya kwanza, baba yake Amosi alipiga makofi. Mpaka anamaliza, pilau lilipashwa upya, na ile tai ya mbunge ilikuwa imeshavuliwa.

Nimeyaandika haya kwa ajili yako wewe ambaye ukilalamikiwa unajibu "mbona kwangu ipo sawa." Kwako itakuwa sawa siku zote. Omba simu ya mwenzako, kaa alipokaa yeye, ndipo utazame.

Na wewe mwenye haya kama mimi, nikuambie kitu. Maswali mengi watu watakujibia, na utaishi vizuri tu. Ila lipo moja ambalo hakuna wa kukujibia. Likija, lijibu, hata kama sauti inatetemeka. Yangu ilitetemeka.

Kadi ipo hewani, yenye jina. Msiniombe linki, nina aibu.