Yule Tuliyemwacha Jeddah

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani, na tangu niliposikia umepewa kazi ya kuchagua vijana wa timu ya kaunti, imekuwa ikinirudia kila nikikaa. Acha nikusimulie. Ukikosea, angalau ukosee makosa yako mwenyewe, si haya yangu.

Nilikuwa dereva Jeddah, miaka ile mawakala wa Nairobi walipokuwa wakijaza ndege na Wakenya, wasichana wa kazi za nyumbani na sisi wanaume wa kuendesha magari na kulinda milango. Nilimwendesha mhandisi mmoja kutoka Finland, mtu mpole. Mshahara wake ulitoka ofisini, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mpira wa magongo wa barafuni. Usicheke. Nje jua linakuchoma hadi kwenye ukosi, na ndani ya jengo moja la maduka kulikuwa na uwanja wa barafu wenye baridi ya kugonganisha meno. Huko bosi aliwafundisha vijana jioni, nami nikakaa kwenye benchi na koti la kuazima, nikitazama. Wanavaa viatu vyenye chuma cha makali chini, wanakimbizana na kisahani kigumu kwa magongo, na kusukumana kama ng'ombe mnadani. Mimi nilikuwa nimechezea timu ya soka ya lokesheni yetu, basi baada ya miezi michache nikajiona mtaalamu wa barafu pia.

Vijana wawili ndio waliotuumiza vichwa. Faris alikuwa mtoto wa mfanyabiashara, mrefu, mwepesi, akiteleza unadhani kazaliwa palepale. Yunus alikuwa mtoto wa fundi Msudani aliyetunza mitambo ya uwanja ule. Kwa ajili ya baba yake aliruhusiwa kucheza bure, ila viatu alivaa vya kukodisha, vile vilivyobaki kwenye rafu wateja wakishachukua vya saizi zao. Mara nyingi vilibaki vikubwa. Basi alivaa soksi juu ya soksi visimpwaye. Soksi hizo niliziona kwa macho yangu, kwa maana nilikuwa nikimshusha kwao, mtaa wa Bani Malik, naye akizivua garini, moja, nyingine, na nyingine tena. Nikamtania kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, "Wewe Yunus, umekuja na kabati zima?" Akacheka, nami nikacheka, na jambo likaishia hapo.

Siku moja ikaja habari kwamba kuna mtu anatoka Ulaya kuja Riyadh kuwatazama vijana. Atakayempenda atampeleka kwenye shule ya mchezo huo, asome na kucheza hadi awe mchezaji wa kulipwa. Kila timu ilete kijana mmoja tu. Bosi akahangaika wiki nzima. Jioni moja tukiwa njiani akaniuliza, "Wewe unawaona hata nikiwa nimewapa mgongo. Ungekuwa mimi, ungempeleka nani?"

Nilivimba kichwa, mwanangu. Bosi mzima ananiuliza mimi. Hata pumzi sikuvuta. "Faris, bosi," nikasema. "Yule Yunus ana akili ya mchezo, lakini mguu wake ni mzito. Akigeuka anachelewa. Huyo hafiki mbali."

"Nami naona hivyo," akasema. Pengine angeamua vivyo hivyo bila mimi. Nimejipoza na maneno hayo mara nyingi, na hayajawahi kunipoza.

Tukaenda Riyadh, safari ya kutwa nzima, mimi, bosi na Faris. Kijana akacheza vizuri ajabu, yule mgeni akampenda, wakapeana mikono. Wakati wa kurudi nilimwangalia Faris kwenye kioo, kageukia dirishani. Nikamuuliza kama amefurahi. Akajibu, "Baba atafurahi." Nikasikia vizuri kabisa alichosema, nikaongeza sauti ya redio.

Kabla hajasafiri, Faris alimwachia Yunus viatu vyake vya mazoezi. Vilimkaa sawasawa. Jioni hiyo Yunus akaingia barafuni na soksi za kawaida, akakata kulia, akakata kushoto, akawapita wenzake wakiwa bado wanageuza shingo. Ule mguu mzito sikuuona tena. Bosi alisimama na filimbi mdomoni asiipulize. Halafu akaja akaketi kando yangu, akasema polepole, "Kumbe ni viatu."

Alimpigia simu yule mtu wa Ulaya. Akaambiwa nafasi ilikuwa moja, imeshachukuliwa, angoje mwaka ujao.

Chumbani nilikaa na Mzee Salim, mlinzi kutoka Mombasa, mtu wa maneno machache. Nilipomsimulia hakunibembeleza.

"Yule wakala wa Nairobi alikukataa mara ya kwanza kwa nini?" akaniuliza.

"Kwa sababu ya kikohozi, mzee."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"La. Nilinyeshewa na mvua nikienda."

"Ukafanyaje?"

"Nililia."

"Basi mtoto wa watu umemtazama kwa macho ya wakala, na wewe mwenyewe yalikuliza." Akavuta shuka, akanipa mgongo.

Mwaka ujao haukumkuta Yunus. Kazi ya baba yake ilisimamishwa, ikama, kile kibali cha kukaa, haikuhuishwa, na familia nzima ikaambiwa irudi kwao. Niliwapeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Kijana alikuwa amevining'iniza vile viatu shingoni kwa kamba zake. Nilitaka kumwambia avitunze, nikashindwa, maana kule waendako barafu ni ile ya kutia kwenye soda. Akanishika mkono. "Asante, ammi," akaniita kama ndugu wa baba yake, "kwa kunirudisha nyumbani siku zote zile." Hakujua niliyoyasema juu yake. Hadi leo hajui. Faris naye alirudi kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa aliyeupenda mchezo ule alikuwa baba yake.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kijana akishindwa mbele yako, usiharakishe kusema hawezi. Inama umtazame miguuni. Muulize amekula nini, ametembea kutoka wapi kuja hapo, viatu ni vya nani. Na yule anayekupendeza, mkalishe kando umuulize kama anataka mwenyewe, kisha usizime jibu lake kwa kelele zako. Ukiulizwa na mkubwa jambo usilolijua, sema hujui. Hutapungukiwa na kitu. Mimi nilitaka kuonekana najua, na aliyelipa ni mtoto wa mwenzangu.

Mungu akupe macho ya huruma na ulimi usio na papara. Na wale utakaowaacha nje, maana lazima utawaacha wengine, awafungulie mlango ambao wewe hukuweza kuuona.