Kamusi ya Severina Yapanda Meli

Niseme ukweli, Severina alikuwa akiniudhi. Mwaka wa tano huu twalala chumba kimoja hapa International City, Dubai, yeye Mngoni wa Songea, mie Mwanatumu wa Mombasa, na kila Jumamosi akirudi kutoka hotelini anakofanya usafi lazima afungue lile likamusi lake la Kiingereza atafute neno. Mwenzangu, kitabu kizito kama jiwe la kusagia! Mgeni alikisahau chumbani, miezi sita hakukidai, basi wakampa yeye aliyekiokota. Wenziwe waliokota manukato.

Kamusi yenyewe ya ajabu, yaeleza maneno yalikuwa na maana gani mamia ya miaka nyuma. Mie nakanda unga wa chapati, yeye yuko juu ya kitanda na miwani puani. "Mwana, sikia hii. 'Nice' zamani alikuwa mtu mjinga."

"Basi arbab wangu, yule bosi wa dukani kule Al Ras, ni nice sana," nikamjibu. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Neno lilikuwa la Edna, bintiye. Alimwacha kwa bibi ana miaka mitano, sasa ana kumi na miwili. Kabla ya kamusi simu zao zilikuwa za kutia huruma. Umekula? Nimekula. Umesoma? Nimesoma. Haya, mpe bibi. Kamusi ilipokuja, kila Jumapili baada ya misa Severina anapiga simu na neno lake, na wawili hao watabishana nusu saa. Siku aliyomwambia kwamba 'girl' zamani alikuwa mtoto yeyote, hata wa kiume, Edna alitaka kujua kama mjomba naye alikuwa girl.

"Nguo namtumia, zinambana kabla hazijafika," Severina aliniambia. "Neno linafika leo leo."

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Mwezi wa kumi tulifunga boksi lake la Krismasi. Mie ndiye mfungaji, dukani kwetu twasafirisha viungo kila wiki, na boksi lenye nafasi ndani hupondeka njiani. Chumba chetu kina sheria: kilicho kitandani kando ya boksi kinasafiri, hakuna kuulizana, maana gari la kago likija mwenyewe huwa kazini. Siku hiyo dereva yuko chini anapiga kelele, yalla, yalla! Kona moja ya boksi i wazi. Kamusi hiyo hapo kitandani. Nikaitia, ikaenea barabara, nikapiga gundi, khalas. Tena nilijisifu.

Severina alirudi, akatafuta chini ya mto, akatafuta kabatini.

"Si uliiweka kitandani?" nikamuuliza.

"Niliiacha nikiisoma, Mwana."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nikawapigia simu watu wa kago. Kontena limeshafungwa, miezi miwili mpaka lifike. Nikamwambia simu yake ina kila kitu, atafute neno humo.

"Ya kwenye simu hata mwalimu wake anayo," akasema. "Mimi nitakuwa wa nini kwake?"

Wallahi nilijichukia.

Jumapili alirudi kutoka kanisani, akaketi, akapiga simu, nikamfungulia spika. "Edna, leo mama sina neno. Kitabu kimepanda meli."

Severina akanitazama, macho yamejaa machozi. Nikataka nikimbilie jikoni.

Kisha tukasikia karatasi zikifunuliwa. "Basi leo nakusomea mimi," Edna akasema. "Februari. 'Silly'. Zamani: mwenye heri, aliyebarikiwa. Mama ana mafua, amekohoa mara nne." Akafunua tena. "Machi. 'Lady'. Zamani: mtu anayekanda mkate. Mama amecheka sana. Kuna mwanamke nyuma anamfokea aje ale chapati zinapoa."

Ala! Mie huyo, niko Songea daftarini!

"Umeyaandika yote?" Severina akauliza.

"Yote. Nimeshamaliza madaftari mawili, bibi kaninunulia la tatu. Neno naandika mbele, halafu naandika ulivyosikika siku hiyo. Nikikukumbuka nasoma." Tukasikia kalamu ikigongwa mezani. "Sasa ongea kidogo, mama, nijue ya leo niandikeje."

Severina hakuweza. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga yangu. Nikaichukua simu mwenyewe, nikaita, "Edna!"

"Shikamoo," Edna akasema.

"Marahaba, mwanangu. Andika hivi: mama yupo, analia, hana mafua. Na kosa ni la Mwanatumu."

"Mwanatumu ndiye wa chapati?"

"Ndiye."

Nikasikia akiandika.