Vidole vya Mjomba Hanus

Mjomba wangu Hanus ana vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, vilivyojikunja kiganjani vikakataa kunyooka. Hapa kwetu visiwa vya Faroe ugonjwa huu umewapata wazee wengi, nao wanauringia utadhani ni shamba la urithi. Akinawa uso anajitia kidole jichoni. Akiingiza mkono mfukoni, anaita watu waje kumtoa. Lakini ukimtajia daktari, atakwambia hakuna vidole vinavyobeba ndoo kama vyake.

Mwaka huu hatimaye alikwenda kwa daktari mjini Tórshavn. Daktari hakumficha: akipasuliwa, huenda vidole vikanyooka, akashika tena mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Huenda pia vikafa ganzi. Mjomba akarudi kanuna. Mtu anayechinja kondoo kila vuli, anaogopa kisu! Nikamcheka waziwazi.

"Kisu si kitu," akasema, huku anamenya viazi kwa shida. "Shida ni Sunnva."

Sunnva ni jirani yetu, mjane. Katika ngoma yetu ya duara watu hushikana mikono na kuimba utenzi mrefu mpaka ubeti wa mwisho, na yeye husimama kushoto kwa Mjomba miaka yote. Vidole vile vikishamnasa, wanazunguka pamoja mpaka mwisho.

"Vikinyooka, si atahamia kwa mwingine? Na vikifa ganzi, hata sitajua kama kaondoka."

Kicheko kikaniishia. Nilimwonea huruma, lakini mdomo wangu haujui kufungika. Jioni ile ile nikamwambia Sunnva, naye akaja hata viatu hajafunga kamba.

"We Hanus, lete huo mkono."

"Wa nini tena?"

"Lete, mzee, usinichoshe!"

Mjomba akaunyoosha juu ya meza. Sunnva akatia mkono wake ndani ya vile vidole, kama kwenye ngoma. Kisha akauzungusha kidogo tu, ukachomoka bila taabu.

"Umeona? Ningetaka kutoka, ningetoka tangu ngoma ya kwanza."

Mjomba akawa mwekundu mpaka masikioni. Kisha akaniuliza basi la Tórshavn linapita saa ngapi.