Albamu ya Nne

Shemeji yangu, mke wa kaka, hunipokea kwa kuniuliza kama leo nitakaa au napita tu. Ananitania, kwa sababu mimi kukaa sijui. Hata dukani kwangu mjini, mtaa wa Bakoba, ninakouza chaja na vioo vya simu, wateja hunikuta nimesimama mlangoni. Tangu kaka yangu apigwe na kiharusi nimezidi. Kila Jumamosi nafunga duka mapema, napanda pikipiki, naipita Kemondo bila kugeuza shingo mpaka Kagoma, na nikifika huko badala ya kukaa na mgonjwa naanza kuzunguka kibanja, nakagua migomba ambayo haina shida yoyote.

Kaka anatembea, ila mguu mmoja unaburuta. Kilichoondoka ni maneno. Anakutazama, anakuelewa, ukimwambia chai ni ya moto anaipuliza. Akitaka kujibu inatoka "ta, ta, ta", basi anafunga mdomo kwa hasira. Na huyu ni mtu aliyekuwa anaongea mpaka unamwomba apumzike. Muuguzi aliyemfundisha mazoezi alituambia tusubiri neno lake mwenyewe, hata moja, likishatoka hilo mengine yatatafuta njia. Shemeji akawa anasubiri kuitwa jina lake. Mimi nilikuwa nasubiri chochote kile, hata uongo.

Siku moja tukiwa mezani tunakula ebitoke, ndizi zetu za kupika, simu yangu ikaita. Mlio wangu ni wa yule Mmarekani wetu, mwanamuziki wa rap, wimbo wa kwanza wa albamu yake ya kwanza. Kabla sijaishika, kaka akaweka kijiko chini, akaingia kwenye wimbo. Aliingia palepale panapotakiwa, juu ya mdundo, ubeti mzima, Kiingereza kinatiririka, na pale Mmarekani anapokohoa naye akakohoa.

Shemeji aliinuka akaenda nje kugeuza kahawa iliyoanikwa, na kahawa yenyewe alikuwa ameshaigeuza. Nikamfuata.

"Waitu shemeji," akaniambia bila kunitazama, "nimeimba naye kwaya tangu tuoane. Nimemwimbia nyimbo zote za kitabuni, ananijibu mmm. Sasa huyo asiyejua hata Kagoma iko upande gani ndiye anajibiwa."

Nilimwonea huruma kweli, lakini pia nilikuwa na furaha ambayo nilijitahidi isionekane usoni, kwa sababu huyo Mmarekani alikuwa wetu, mimi na kaka, tangu zamani.

Kanda ya kwanza kaka aliitoa Kemondo, alikokuwa anapakia mizigo bandarini. Baharia mmoja wa Mwanza alimwachia. Betri za redio zikiisha tulizianika juani. Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani, cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na yule mtu alikuwa anaongea kama anayefukuzwa, kwa sauti ya mikwaruzo. Tulikariri tulichosikia, maana tukaiacha hukohuko Marekani. Albamu ya pili alikuwa na hasira zaidi. Ya tatu akaanza kumzungumzia mama yake, kuna kinanda ndani yake, na kaka aliipiga tukiwa tunakanyaga ndizi za lubisi, pombe yetu, miguu inafuata ngoma. Baadaye kaka akaoa, akaingia kwaya. Mimi nikahamia mjini. Mmarekani naye akakaa kimya miaka mingi. Aliporudi na albamu ya nne nilimwekea kaka kwenye flashi nikampelekea mkononi, na tulipoonana tena akaniambia, "Hii ni kali, mdogo wangu. Hajawahi kufanya kitu kama hiki." Nilitembea na kauli hiyo siku nyingi.

Basi Jumamosi iliyofuata baada ya ile simu nilikwenda na spika. Albamu ya kwanza kaka aliimaliza karibu yote. Ya pili hivyohivyo, na matusi yake, shemeji akichambua maharage mlangoni kwa amani kwa sababu hajui yanasemwa nini. Ya tatu, kwenye wimbo wa mama, aliimba huku machozi yanamtoka, na mimi nikaenda dirishani.

Nikaweka ya nne. Kimya. Nikaruka wimbo wa pili, nikaruka wa tatu. Alikuwa ananitazama kwa adabu, basi. Nilidhani ugonjwa umefika na huko pia.

"Hiyo hakuisikiliza," shemeji akasema. "Aliiweka kabatini siku ileile uliyoileta. Aliniambia, yule mtoto ataumia nikimwambia sina tena hamu na mambo hayo."

Mtoto ndiye mimi, na mvi zangu. Nilikasirika. Kumkasirikia mtu asiyeweza kujibu ni aibu, najua, lakini nilikasirika mpaka mikono ikawa haina pa kukaa. Nikajiambia, kama hakuisikiliza wakati ule ataisikiliza sasa. Nikaipa jina la dawa: maneno mapya yatayaamsha ya zamani. Nikawa nampigia albamu ya nne kila Jumamosi, mwanzo hadi mwisho, halafu tena mwanzo, mimi natembea kutoka mlangoni hadi dirishani, namwangalia mdomo. Mdomo haukutikisika.

Jumamosi iliyopita ilinyesha mvua kubwa. Bati lilikuwa linapiga kelele, nikaongeza sauti ya spika.

"Anachoka, shemeji," mke wake akasema.

"Bado kidogo."

"Mtazame basi."

Sikumtazama. Nilikuwa nimempa mgongo, narudisha wimbo nyuma aufuate vizuri, pale Mmarekani anapowataja wanawe. Nafikiri nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hatasema tena, na kwamba mimi ndiye nitakayebaki naimba peke yangu vitu vyetu.

"Zima."

Niligeuka kwa shemeji. Sufuria ilikuwa imesimama mkononi mwake, naye anamtazama mumewe.

"Umesemaje, kaka?"

Kidevu kilikuwa kinamtetemeka kwa juhudi. Akapiga paja lake kwa mkono mzima, mara moja, akaitafuta tena ile sauti mpaka akaipata. "Zima. Zi-ma. Hii... mbaya."

Hayakuwa maneno ya Mmarekani, wala ya kitabu cha kwaya. Yalikuwa ya kwake. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kulia, na juu ya yote nilitaka kutii haraka, nikaikimbilia spika, vidole vikanisaliti, nikabonyeza kitufe sicho. Badala ya kuzima nikaongeza. Nyumba nzima ikajaa albamu ya nne.

Hapo kaka akafunguka. Akanishushia tusi la Kihaya, lile la wapakiaji wa Kemondo, linaloanza na akili za mtu na kushuka mpaka kwa babu zake. Lilitoka polepole, kipande kwa kipande, anasimama, anavuta pumzi, anaendelea. Nikaona aibu kwa ajili ya shemeji, mama wa kwaya, nikanyoosha mkono kumtuliza mgonjwa.

Shemeji akanishika mkono akaurudisha chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Usimkatize," akasema. "Mwache amalize."